Kufundisha Kiingereza cha kuzungumza kwa simu na mradi mmoja: mwongozo kwa mwalimu wa Mombasa

Maswali ninayoulizwa na walimu wa madarasa ya jioni, kuanzia Kisauni hadi Changamwe, ni yale yale. Nianze na programu gani? Nina watu ishirini na simu saba, nifanyeje? Mbona wanafunzi wangu wanapita mitihani ya sarufi lakini mgeni akiwauliza njia wanatazama chini? Na lile ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: lafudhi yangu mwenyewe si ya Uingereza, je, nafaa kufundisha watu kuzungumza?

Nayajibu yote kwa kueleza mradi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Wanafunzi watatengeneza mwongozo wa sauti wa Mji wa Kale kwa Kiingereza, kila mmoja na kituo chake, kwa simu zilizopo. Ukiufanya mara moja utajua mwenyewe namna ya kuugeuza uwe wa mapishi, wa soko la Kongowea au wa kazi za hotelini.

Kuna jambo moja ulishike kabla hatujaanza, kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Simu haimfundishi mtu kuzungumza. Kinachomfundisha ni kulisema jambo lile lile tena na tena akiwa na sababu ya kulisema vizuri zaidi. Darasani bila simu, mwanafunzi husema sentensi yake mara moja, unamsahihisha, zamu inahamia kwa mwenzake. Kinasa sauti humrudishia sauti yake. Anaisikia, haridhiki, anarekodi upya. Somo liko hapo, kwenye kurekodi upya. Programu isiyomfikisha hapo, hata ikiwa na rangi na nyota na zawadi, haitakusaidia.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu moja yenye kinasa sauti kwa kila wanafunzi watatu. Si lazima iwe ya bei. Hata baadhi ya kabambe zenye memori kadi hurekodi sauti inayosikika vizuri.
- WhatsApp kwa waliotimiza miaka 13. Walio chini ya hapo warekodi kwenye simu yako au ya mzazi, wasiingizwe kwenye kundi.
- Spika za masikioni jozi mbili tatu, ili watu wasikilize bila kusumbuana.
- Bando ndogo. Ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki MB 1, ilhali video ya dakika moja yenye ubora wa 1080p inaweza kuzidi MB 60. Hii ni sababu moja ya kuchagua sauti. Sababu ya pili ni kwamba wasichana wengi na wazazi wao hawataki sura zizunguke mitandaoni, na wana haki.
- Ruhusa ya maandishi ya mzazi au mlezi kwa kila aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data za watoto, na sauti inayoweza kumtambulisha mtoto ni data yake. Andika kwa Kiswahili, nusu ukurasa, useme rekodi itasikilizwa na nani na itafutwa lini.
- Daftari, kalamu, na chumba kinachoweza kunyamaza kwa dakika kumi.

Huhitaji intaneti darasani. Huhitaji projekta wala programu ya kulipia. Wala usilijenge darasa lako juu ya tovuti moja. Flip, ambayo walimu wengi duniani waliitumia kukusanya video fupi za wanafunzi, Microsoft waliifunga kama huduma ya kujitegemea mwaka 2024 wakaihamishia ndani ya Teams, programu yao ya mikutano na madarasa. Faili iliyo kwenye memori kadi yako itabaki yako.

Tenga vipindi vinane vya saa moja na nusu, viwili kwa wiki. Pangeni kati ya alasiri na magharibi ikiwezekana. Mwezi wa Ramadhani hamishia asubuhi, usishindane na futari.

1. Gawa vituo, usigawe mada

"My family" na "My best friend" ziache. Hakuna mtu anayezisubiri. Kituo cha mwongozo kina msikilizaji: mtu aliyeshuka kwenye treni Miritini, ameingia mjini, hajui amesimama wapi. Vituo vinavyofaa ni vingi: Fort Jesus kwa nje, barabara ya Ndia Kuu, mlango mmoja wa nakshi, Msikiti wa Mandhry kwa nje, bandari ya kale, maduka ya viungo ya Marikiti, mwenye kuuza kahawa, mama wa viazi karai.

Mpe kila mtu kituo anachokijua kwa miguu yake. Kijana ambaye mjomba wake ni baharia apewe bandari. Aliyekulia Likoni na hana habari na Ndia Kuu apewe kivuko, aeleze kwamba anayevuka kwa miguu halipi na mwenye gari hulipa. Kiko mbali na Mji wa Kale, ndiyo, lakini mtu huongea zaidi akiongea la kwao.

Anayepewa Fort Jesus asimezeshwe historia yote. Mambo manne yanamtosha: Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, ilizingirwa na majeshi ya Omani kuanzia 1696 hadi 1698, Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hizo ni sentensi nne za wakati uliopita, yaani tayari ana sarufi ya wiki nzima.

2. Rekodi ya kwanza, bila maandalizi

Kipindi cha kwanza, kila mmoja ajirekodi kwa dakika moja akieleza kituo chake kwa Kiingereza alichonacho. Usimsahihishe. Akikwama baada ya sekunde kumi na tano, rekodi imekwisha, nayo inatosha. Ipe faili jina utakaloweza kulipata baadaye, kwa mfano "bandari-01". Tumia jina la kituo, usitumie jina la mwanafunzi.

Rekodi hii usiisikilizishe darasa. Ihifadhi, tutaihitaji mwishoni.

3. Nendeni mahali penyewe

Kipindi cha pili si cha darasani. Nendeni, simameni kwenye kila kituo, na wazungumze kwa Kiswahili. Nasisitiza: kwa Kiswahili. Mtu asiye na la kusema kwa lugha yake hatalipata kwa Kiingereza. Awaulize wenye maduka, aguse ukuta, ahesabu mizinga, anuse iliki na karafuu. Mchukue picha za vitu tu: mlango, chombo, sinia la kahawa. Wenyeji wa Mji wa Kale wamechoka kupigwa picha bila kuulizwa, na darasa lako lisiwaongezee adha. Anayetaka kumpiga mtu picha aombe kwanza, na akikataliwa ashukuru.

Warudi na maneno, si sentensi. Mwanafunzi aandike vidokezo vitano, kila kidokezo maneno matatu au manne ya Kiingereza, kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kiganja cha mkono.

Tahadhari. Kosa linaloharibu miradi mingi linatokea hapa: mwanafunzi anaandika insha nzima, anaisoma mbele ya simu, na mwalimu anafurahi kwa sababu haina makosa. Huyo amesoma kwa sauti, hajazungumza. Utamtambua kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na mwulize swali moja tu, atanyamaza. Karatasi iwe ndogo kiasi cha kutoweza kubeba insha.

4. Toa mfano kwa sauti yako

Rekodi mwenyewe sekunde arobaini za kituo ambacho hakuna mwanafunzi aliyepewa. Ongea kwa kasi yako ya kawaida, kutoka kwenye vidokezo vitano kama wao. Watumie wanafunzi.

Kuhusu lafudhi: lengo ni kueleweka na mgeni kutoka Ujerumani, India au Nairobi, na Kiingereza cha Kenya kinaeleweka na wote hao ukikitamka kwa uangalifu. Wanafunzi wakisikia sauti ya Mwingereza pekee huamini kwamba jambo lile si la watu kama wao. Wakikusikia wewe, wanaona njia. Neno usilo na hakika nalo litafute kwenye tovuti ya YouGlish: unaliandika, inakuletea video watu wakilitamka ndani ya sentensi za kweli. Ukitaka sauti ya pili ya mfano, chukua kipande kifupi kwenye tovuti ya BBC Learning English, au video ya YouTube na uipunguze kasi hadi 0.75.

Wasikilize mara mbili bila kusema kitu. Mara ya tatu waseme pamoja na sauti, nyuma yake kidogo, bila kusimama. Dakika tano za zoezi hili kila kipindi zinatosha, lakini ziwe kila kipindi.

Rekodi zako usizitume kwa intaneti kila mara. Bluetooth, au Xender, programu ya kutumiana faili simu kwa simu, hufanya kazi ile ile bila bando.

5. Rekodi ya kazi

Chumba kwanza. Zima pangaboi. Joto litakuwepo, lakini mvumo wake huingia kwenye kila rekodi na programu za bure zikiutoa mara nyingi huiharibu sauti. Kama hamwezi kuvumilia, rekodini wawili wawili kwa dakika tatu, kisha liwashwe. Subirini adhana ipite. Weka simu kwenye hali ya ndegeni ili isilie katikati. Ishikwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, upande kidogo, isielekee pumzi moja kwa moja. Chumba chenye mwangwi kitulizeni kwa kutundika leso mbili tatu nyuma ya msemaji.

Nje ni kazi nyingine. Wakati wa kusi, ukirekodi ufukweni kule Mama Ngina, utasikia upepo na hutasikia mtu. Kitambaa chepesi juu ya maikrofoni husaidia kidogo. Kuugeuzia upepo mgongo husaidia zaidi. Ushauri wangu ni kurekodi maneno ndani, na sauti za mahali nje peke yake: honi ya kivuko, sarafu, vikombe vya kahawa vikigongwa.

Rekodi iwe kati ya sekunde arobaini na sitini. Isizidi.

6. Sikilizeni wawili wawili

Mwenzake asikilize bila kuona karatasi, kisha aandike alichosikia: mambo gani, miaka gani, bei gani. Pale alipoandika tofauti ndipo penye tatizo. Mwalimu hukisia maana hata mwanafunzi akitamka vibaya, kwa kuwa ameshaizoea sauti yake. Mwenzake hakisii.

Kipimo cha pili ni kibodi ya simu. Kwenye Gboard chagua Kiingereza cha Kenya, bonyeza alama ya maikrofoni, mwanafunzi aseme sentensi moja, mtazame kilichoandikwa. Ni chombo kizuri kwa sababu hakimhurumii mtu na hakimcheki. Ila kijue udhaifu wake: hukisia neno kutokana na maneno jirani, kwa hiyo sentensi ndefu huweza kuandikwa sawa hata kama neno moja limetamkwa vibaya. Jaribuni sentensi fupi. Na kikikosea mara moja, kirudie kabla hujamhukumu mtu.

Sasa, nini cha kusahihisha? Chagua mambo mawili tu kwa kila rekodi. Haya ndiyo ninayoyakuta kwa wazungumzaji wa Kiswahili, nayo yanatosha kwa mradi mzima:

*Irabu ya ziada mwishoni.* Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, basi "port" huwa "poti" na "built" huwa "bilti". Mwambie aishie kwenye konsonanti ya mwisho na anyamaze. Arekodi neno pekee, kisha ndani ya sentensi.

*Irabu zinazofanana.* Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa sauti za irabu kama ishirini. Katika mji wa bandari tofauti ya "ship" na "sheep" si ya kupuuza. Vivyo hivyo "walk" na "work": anayesema "we work along the wall" na anayesema "we walk along the wall" wanatoa habari mbili. Mpe jozi tatu kutoka kituo chake mwenyewe, usimpe orodha ya kitabu.

*Mkazo.* Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Ndiyo maana "history" inageuka hi-STO-ri, "fisherman" inakuwa fi-SHA-man, na "Portuguese", ambayo mkazo wake uko mwishoni, inasukumwa katikati. Mgeni anaweza kusamehe sauti iliyokosewa, lakini mkazo ukikaa pasipo pake hulipoteza neno lote. Wapige kofi mezani kwenye silabi yenye mkazo. Kama una muda wa jambo moja tu, fundisha hili.

*Miaka na saa.* "1593" husomwa "fifteen ninety-three", haisomwi kama hesabu ya elfu na mia. Na saa ni mtego kwa mtu wa hapa: mgeni akiuliza duka linafunguliwa lini, kijana anafikiri saa mbili, anatamka "two o'clock", na mgeni anakuja saa nane mchana. Fanyeni zoezi la saa hadi lisiwe na kufikiri tena.

*"He" na "she".* Kiswahili hakitenganishi, kwa hiyo ulimi huchukua lililo karibu. Anayeeleza muuza kahawa ataje mtu yule yule kwa sentensi nne mfululizo.

Wala usiwapotezee muda vijana wa Pwani kwa masomo marefu ya "th". Anayetamka thamani na dhahabu sawasawa tayari anazo sauti za "three" na "this". Mwonyeshe tu kwamba ni zile zile.

7. Rekodi upya

Siku hiyo hiyo, au kesho yake kwa WhatsApp. Mambo mawili uliyomwambia, ayafanye. Faili mpya iitwe "bandari-03", na ile ya zamani isifutwe. Kisha nyingine.

Maoni yako yatoe kwa sauti, chini ya nusu dakika: jambo moja lililoendelea, jambo moja la kushika. Ukimtumia maandishi marefu hayasomwi. Ukimpa makosa tisa hatarekodi tena, na umepoteza kitu pekee kilichokuwa kikimfundisha.

Usijaribu kusikiliza rekodi zote za darasa kila jioni. Utachoka wiki ya pili uache. Sikiliza tano kwa kila kipindi kwa zamu, nyingine wasikilizane wenyewe.

Na msahihishe kwa faragha. Kundi la WhatsApp ni la kupongezana na kutumiana mifano. Mtu mzima aliyesahihishwa mbele ya wenzake, tena na mwalimu aliye mdogo kwake kwa umri, hatasema tena, na mama wa miaka hamsini anayejifunza apate kuwahudumia wageni dukani kwake anastahili heshima hiyo kuliko mwingine yeyote.

8. Maswali yasiyoandaliwa

Bila hatua hii umefundisha ghibu. Kuzungumza ni pamoja na kusikia na kujibu papo hapo, na rekodi peke yake haifiki huko.

Kwanza fundisha sentensi za kujiokoa, watu wazijue bila kufikiri: "Sorry, could you say that again?", "Do you mean the gate or the wall?", "I'm not sure, but I can ask." Hii ya mwisho ni ya thamani mno kwa anayetafuta kazi ya utalii, kwa sababu inamruhusu asijue bila kuaibika.

Kisha wakae watatu watatu. Mmoja ni mwenyeji, wawili ni wageni wenye maswali matatu kila mmoja, na mwenyeji hayajui. Simu inarekodi. Badilishaneni.

Anayetaka mazoezi nyumbani na ana bando anaweza kuongea kwa sauti na programu za akili bandia kama ChatGPT au Gemini. Aanze kwa maagizo haya, kwa Kiingereza au hata kwa Kiswahili: wewe ni mgeni Mombasa, unaniuliza swali moja fupi kwa wakati kuhusu bandari ya kale, subiri nijibu, usinisahihishe hadi niseme basi. Bila maagizo hayo programu huongea yenyewe muda wote na mwanafunzi hubaki kuitikia. Tahadhari mbili: hizi programu hutaja historia ya uongo kwa sauti ya uhakika, kwa hiyo habari za kituo zitoke kwa wenyeji na jumba la makumbusho, na mwanafunzi asitaje jina lake kamili, shule wala anakoishi. Watoto wasizitumie peke yao.

9. Unganisha

Hapa walimu hupoteza wiki nzima kwa kazi isiyo na faida ya lugha. Kata kimya cha mwanzo na mwisho, panga faili kwa namba za vituo, basi. Audacity, programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, ni ya bure na inatosha. Asiye na kompyuta aache faili zilivyo.

Weka faili na picha kwenye folda moja ya Google Drive, ambayo hutoa GB 15 bure, kisha tengeneza msimbo wa QR wa kiungo chake na uuchape kwenye karatasi. Kabla ya hapo hakikisha folda inaruhusu kutazama tu, majina kamili hayamo, na kila mzazi aliyekataa mtandao ameheshimiwa. Rekodi ya mtoto wake ichezwe siku ya mwisho kwenye spika, isiwekwe Drive.

10. Siku ya kusikilizwa

Alika watu: darasa jingine, wazazi, jirani mwenye duka la vitu vya watalii. Wasikilize rekodi, wamfuate kila mwanafunzi kituoni kwake na wamwulize. Kama hamwezi kwenda Mji wa Kale, bandikeni picha za vituo ukutani, kila mwanafunzi asimame mbele ya picha yake.

Baada ya wageni kuondoka, mpe kila mmoja spika za masikioni asikilize rekodi ya kwanza kabisa, halafu ya mwisho. Asikilize peke yake. Halafu aandike au aseme anachotaka kukirekebisha kwenye mradi ujao; hilo ndilo litakalokupa mpango wa mwezi unaofuata.

Mambo yakikwama

*Mwanafunzi hataki kabisa kusikia sauti yake.* Karibu kila mtu huchukia sauti yake iliyorekodiwa, kwa sababu anapoongea huisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, na rekodi haina sehemu hiyo. Mweleze hivyo. Wiki ya kwanza arekodi akiwa peke yake nje ya chumba, akusikilizishe wewe tu.

*Simu ni chache.* Gawa kazi kwa watatu: mmoja anasema, mmoja anashika simu na saa, mmoja anaandika alichosikia. Simu moja kwa watatu mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko simu moja kwa kila mtu, kwani wote wanasikiliza.

*Wawili wenye Kiingereza kizuri wanafanya kila kitu.* Hao wafanye wageni wa hatua ya nane; watunge maswali magumu. Vituo visiunganishwe kamwe kuwa kazi ya kundi. Kila kituo na sauti moja.

*Wanachanganya Kiswahili.* Waache kwenye maandalizi. Kwenye rekodi, neno lisilojulikana lizungukwe: asiyejua jina la nakshi kwa Kiingereza aseme ni picha zilizochongwa kwenye mbao. Ustadi huo utamfaa kuliko neno lenyewe. Mahamri na viazi karai yabaki na majina yake, yafuatwe na maelezo.

*Kumbukumbu ya simu imejaa.* Mwisho wa kila wiki hamishia faili kwenye memori kadi au kompyuta, ukibakiza ya kwanza na ya karibuni kwa kila kituo. Zima upakuaji wa picha na video wa WhatsApp unaofanyika wenyewe. Mara nyingi hizo ndizo zilizoijaza.

*Stima imepotea.* Rekodi hazihitaji umeme, zinahitaji chaji. Kipindi kianze simu zikiwa zimechajiwa, na pawabanki moja ya darasa ichajiwe siku moja kabla.

*Mtu ameacha kuja.* Mpigie simu, kwa Kiswahili. Mara nyingi ni zamu ya kazi au nauli, si uvivu. Mwenye tuktuk anaweza kurekodi akisubiri abiria na kukutumia usiku. Mpe maoni yake pale pale na umhifadhie kituo chake.